Grace Hopper: mwanamke aliyewinda kasoro ndani ya kompyuta

Mwezi uliopita tulipokea ujumbe wa msikilizaji wetu mmoja wa kata ya Iyula, mama mkulima wa kahawa. Alieleza kwamba simu yake inamwomba kila mara asasishe programu zilezile. Akikubali, bando linakwisha. Akikataa, simu inaanza kuganda. Na maelezo anayopewa hayabadiliki: kuna maboresho, kasoro zimerekebishwa. Akauliza, kama waliotengeneza programu hizo ni wataalamu, hizo kasoro zisizokwisha zinatoka wapi?

Tulimjibu hewani kwa sentensi mbili, tukaweka wimbo. Lilikuwa jibu jepesi mno, na wiki iliyofuata tukaadhibiwa. Kompyuta yetu ya kurushia matangazo iliganda siku tatu mfululizo, kila ikikaribia saa nane mchana. Mnaotusikiliza mnakumbuka ule ukimya. Fundi wetu alikaa nayo siku mbili. Akagundua kwamba programu inayopanga nyimbo ilikuwa inachukua nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kila wimbo unapoanza, na wimbo ukiisha hairudishi nafasi ile. Ni kama jirani anayeazima gunia lako kila siku ya mavuno na kusahau kurudisha. Siku ya kwanza huoni pengo. Katikati ya msimu unakwenda stoo, unakuta huna hata gunia moja. Kilichotuuma zaidi ni kwamba toleo lililorekebisha kasoro hiyo lilikuwa limetoka miezi kadhaa nyuma. Sisi ndio hatukulipakua.

Kwa hiyo leo tunamlipa mama wa Iyula deni lake, kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeanza kupambana na kasoro za namna hii wakati kompyuta duniani zilikuwa za kuhesabika. Anaitwa Grace Hopper. Amefariki miaka zaidi ya 30 sasa.

Alizaliwa jijini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Akiwa na miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele inaliaje. Akaifungua, vipuri vikamwagika, akashindwa kuvirudisha. Akachukua saa nyingine aifungue ili aone ile ya kwanza ilikuwaje. Mama yake alipogundua, saa saba za nyumba hiyo zilikuwa zimefumuliwa. Kuanzia siku hiyo akaruhusiwa saa moja tu ya kuchezea. Mtoto huyo tunamjua sote, maana kila mtaa una wa kwake, na mara nyingi redio ya baba ndiyo inayoumia.

Alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha wanawake cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Akaendelea Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1934 akapata shahada ya uzamivu ya hisabati, jambo ambalo wanawake wachache sana walikuwa wamelifikia. Mwaka 1930 aliolewa na mwalimu mwenzake, Vincent Hopper. Waliachana mwaka 1945, lakini jina la Hopper akabaki nalo hadi mwisho. Alirudi Vassar kufundisha, na bila vita huenda angestaafu akiwa mwalimu wa hisabati anayejulikana na wanafunzi wake tu.

Desemba 1941 Marekani iliingia Vita Kuu ya Pili. Mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji lilifungua mlango kwa wanawake. Grace alitaka kuingia, lakini alikuwa na vikwazo viwili: umri ulikuwa umesogea, na mwili wake ulikuwa mwembamba, pungufu ya uzito uliotakiwa kwa kama kilo 7. Akaomba aruhusiwe hivyohivyo. Desemba 1943 akakubaliwa. Baada ya mafunzo, Julai 1944, alipangiwa kazi mahali ambapo hakutarajia: Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya mkuu mmoja mkali aitwaye Howard Aiken, kwenye chumba chenye mashine aliyokuwa hajawahi kuiona. Aiken alimlalamikia kwamba amechelewa, akamwonyesha mashine, na papo hapo akampa hesabu ya kuifanyisha.

Mashine yenyewe iliitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa mita 15 na ushee, uzito wa zaidi ya tani 4, na ndani yake nyaya za kama kilomita 800. Ukizinyoosha kutoka hapa Mbozi zingekukaribisha Dar es Salaam. Kwa ukubwa wote huo, iliweza kujumlisha mara tatu tu kwa sekunde, na kuzidisha namba mbili kuliichukua sekunde 6 hivi. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 72, kila nafasi ikibeba namba moja yenye tarakimu 23. Hizo ndizo zilizofanya kazi za vita: majedwali ya kulenga mizinga, na mwaka 1944 hesabu zilizohusu bomu la atomiki, ingawa waliozifanya hawakuambiwa ni za nini.

Maagizo ya mashine yaliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Tundu moja likikosewa, jibu lote linaharibika, na mashine haikwambii. Inaendelea kunguruma hadi mwisho kisha inakupa namba iliyoandikwa vizuri kabisa, lakini ya uongo. Grace na mwenzake Richard Bloch walishinda na kukesha pembeni ya mashine hiyo, maana ilifanya kazi saa 24. Kuna wakati walizima taa za chumba, naye akatoa kioo chake cha mkononi, kile cha kujitazamia uso, akakipitisha nyuma ya vifaa kutafuta cheche ya umeme ambayo macho yasingeifikia. Mwaka 1946 kilitoka kitabu cha maelezo ya mashine hiyo, kurasa 561, sehemu kubwa ikiwa kazi ya mkono wake.

Hapa ndipo inapoingia hadithi ambayo pengine umewahi kuisikia, ya mdudu. Wataalamu wa kompyuta, kwa lugha yao ya kazi, huita kasoro ya programu mdudu, na kutafuta kasoro ni kutoa wadudu. Wengi husimulia kwamba neno hilo lilianzishwa na Grace Hopper. Si kweli, na tunaona ni vizuri kusema hivyo, kwa sababu ukweli wenyewe unapendeza vya kutosha. Mafundi wa umeme walikuwa wakiita kasoro mdudu tangu zamani. Mvumbuzi Thomas Edison alilitumia neno hilo mwaka 1878, kabla Grace hajazaliwa.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 9 Septemba 1947, pale Harvard, walikuwa wakiijaribu mashine mpya, Mark II. Ilifanya kazi kwa maelfu ya swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme. Mashine ikawa inakosea. Walipofungua wakamkuta nondo amebanwa ndani ya swichi namba 70. Tunasema nondo yule mdudu mwenye mbawa anayezunguka taa usiku. Msije mkafikiri ni nondo za kujengea. Wakamtoa, wakambandika kwa gundi ya utepe kwenye daftari la kazi, saa 9:45 alasiri, na kuandika kwa utani kwamba hatimaye amepatikana mdudu wa kweli. Grace hakuwa aliyemkuta. Ila yeye ndiye aliyekisimulia kisa hicho miaka 40 kila alikokwenda, na dunia ikampa umiliki wake. Daftari hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya historia jijini Washington, nondo akiwa bado ndani yake.

Kisa hicho kinachekesha, lakini nondo ukimtoa amekwisha. Kasoro zilizomsumbua Grace maisha yake yote hazikuwa na mbawa. Ziliingizwa na binadamu.

Vita vilipokwisha alibaki Harvard, lakini hakupewa ajira ya kudumu. Ndoa ilikuwa imekwisha, kazi haina uhakika, na alikuwa akinywa pombe kupita kiasi. Mwaka 1949 hali ilikuwa mbaya hadi rafiki zake wakamkalisha na kumweleza ukweli. Waandishi wengi wanaomsifu hupita haraka kwenye sehemu hii. Sisi tunaitaja kwa sababu yaliyompa jina aliyafanya baada ya hapo, akiwa na miaka 43 na kuendelea.

Mwaka huohuo aliingia katika kampuni ndogo ya Philadelphia iliyokuwa ikitengeneza kompyuta iitwayo UNIVAC. Kumbukumbu ya UNIVAC ilikuwa ya ajabu: mirija ya zebaki, hii hii wanayoijua wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Saza na Mkwajuni. Habari ilizungushwa ndani ya zebaki kama mawimbi ya sauti, ikifika mwisho inarudishwa mwanzo. Nafasi zilikuwa 1,000, kila moja ikibeba herufi 12. Jumla herufi 12,000, yaani kama SMS 75. Hiyo ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yote ya kompyuta iliyouzwa kwa serikali na makampuni makubwa.

Sasa tuelezane hizo nafasi, maana ndipo mzizi wa ugomvi wetu na simu ulipo. Chukulia ghala la kahawa lenye nafasi zilizopewa namba, kuanzia 0 hadi 999. Programu ni karani anayepewa karatasi: chukua kilichopo nafasi ya 12, jumlisha na kilichopo nafasi ya 15, weka nafasi ya 20. Grace na wenzake walikuwa na madaftari yenye vipande vya kazi walivyokwisha kuviandika, na kila walipohitaji kipande waliazimana na kunakili kwa mkono. Lakini kipande kilichoandikwa kuanzia nafasi ya 0, ukitaka kukitumia kuanzia nafasi ya 300, lazima uongeze 300 kwenye kila namba ya nafasi iliyomo. Ukikosea jumla moja, karani anakwenda kumwaga mzigo juu ya mzigo wa mtu mwingine. Hakuna kengele inayolia. Unakuja kugundua baadaye sana, mahali pengine kabisa, kwamba kahawa ya fulani haipo.

Grace alikaa akaangalia makosa hayo, ya kwake na ya wenzake, akaona yana sura mbili tu. Watu hawawezi kunakili bila kukosea: B iliyoandikwa haraka inasomeka 13, na 4 inageuka herufi nyingine. Na watu, hata wenye shahada za hisabati, hawawezi kujumlisha namba nyingi bila kukosea. Pembeni yao imekaa mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kunakili na kujumlisha. Kwa nini kazi hiyo anafanya mtu?

Kati ya mwaka 1951 na 1952 akaandika programu aliyoiita A-0. Ilipewa orodha ya vipande vinavyotakiwa, ikavitafuta yenyewe kwenye utepe, ikavinakili, ikapanga kila kimoja mahali pake na kujumlisha namba za nafasi. Leo programu ya namna hiyo inaitwa kompaila, na hakuna programu ya simu yako iliyotengenezwa bila kupita kwenye kompaila. Mei 1952 aliisoma kazi yake mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Wengi hawakumwamini. Kwa mawazo ya wakati ule kompyuta ilikuwa ya kufanya hesabu, haiwezi kuandika programu.

Tunaomba msikilizaji wetu wa Iyula asome hapa polepole. A-0 haikuwa nzuri sana. Ilikuwa nzito, na programu iliyotoka ndani yake ilikwenda taratibu kuliko iliyoandikwa na mtu hodari. Ikaja A-1, ikaja A-2. Mwishoni mwa mwaka 1953 A-2 ilipelekwa kwa wateja pamoja na maandishi yake ya ndani, wakaombwa wakiona namna ya kuiboresha warudishe maboresho yao. Hii ndiyo mbegu ya utaratibu unaomlalamikisha mama yetu. Chombo kinatoka kikiwa na kasoro, wanaokitumia wanazikuta, wanarudisha habari, kinatoka kingine. Grace hakuuficha utaratibu huo wala kuuonea aibu.

Baada ya hapo akataka jambo kubwa zaidi, kwamba mtu wa ofisini aandike maagizo kwa maneno ya kawaida badala ya alama. Wakubwa walimkatalia. Ili kuwashawishi, yeye na watu wake waliandaa programu ndogo ya Kiingereza, wakabadilisha maneno ikawa ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani, kuonyesha kwamba kwa mashine maneno yote ni alama tu. Mbinu ikamgeukia. Wakubwa walishtuka kusikia kompyuta ya Kimarekani inaelewa Kijerumani, na ikabidi awaahidi kwamba itabaki na Kiingereza peke yake. Tulipokisoma kisa hiki tulicheka, halafu tukanyamaza kidogo. Kwa hoja yake, Kiswahili kingefaa vilevile, na Kinyiha pia.

Lugha hiyo iliitwa FLOW-MATIC, na mwaka 1959 ilikuwa msingi mmojawapo wa lugha ya COBOL, iliyotengenezwa na kamati ambayo Grace alikuwa mmoja wa washauri wake. Humwita mama wa COBOL. Wajumbe walioiandika kwa mikono yao walikuwa wengine. Lakini bila hoja yake huenda kamati yenyewe isingeitishwa. Benki nyingi duniani zimeendesha hesabu zao kwa COBOL hadi karne hii.

Huku kwetu kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye kompyuta zikaja kuvurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wazee waliokuwa makarani wakati huo wanaweza kutusimulia zaidi, na tunawakaribisha studio.

Grace alistaafu jeshi mwaka 1966 akiwa na miaka 60. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, akaitwa arudi kwa miezi sita. Tatizo lilikuwa kwamba kila kampuni ilikuwa na COBOL yake, na programu iliyofanya kazi kwenye mashine moja iligoma kwenye nyingine. Kazi aliyopewa haina hadithi ya kuvutia kama ya nondo, lakini sisi tunaiona ndiyo kubwa. Aliongoza kikundi kilichoandika programu za kuzipima kompaila zenyewe. Muuzaji akija na kompaila yake, inapitishwa kwenye majaribio hayo, na inapokosea inaonekana. Chombo cha kukagua vyombo. Ile miezi sita ikawa miaka karibu 20.

Alipata sifa nyingi katika miaka hiyo. Akawa kapteni mwaka 1973, na kabla ya kustaafu akafikia cheo cha admirali. Alizunguka kufundisha akiwa na furushi la vipande vya waya vya urefu wa sentimita 30, akimgawia kila mtu kimoja. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mawimbi ya redio yetu yana mwendo huohuo. Alistaafu kabisa Agosti 1986, akiwa na miaka 79, katika sherehe iliyofanyika juu ya meli ya zamani ya kivita bandarini Boston. Alifariki nyumbani kwake Arlington, jimbo la Virginia, tarehe 1 Januari 1992, akiwa na miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Meli ya kivita imepewa jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu ya raia, marehemu tayari.

Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 2002, fundi wa programu aitwaye Julian Seward alitoa chombo kiitwacho Valgrind, jina la lango katika hadithi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Kinafanya hasa kile ambacho Grace angekililia pale kwenye zebaki. Kinasimama nyuma ya programu kama msimamizi wa ghala na kuangalia kila nafasi ya kumbukumbu inapoguswa. Programu ikitegemea kilichomo kwenye nafasi ambayo haijawekwa kitu, inaandikwa. Ikigusa nafasi iliyokwisha kuirudisha, inaandikwa. Ikiazima na kusahau kurudisha, kama ile ya studio yetu, mwishoni inatajwa kiasi chote na mahali kilipoazimwa. Ndani yake kuna kifaa kingine kinachopima ni sehemu gani ya programu inakula kumbukumbu nyingi. Ukaguzi huo una gharama yake: programu inayokaguliwa inaweza kwenda taratibu mara 10 hadi 50, kwa hiyo hufanyika kwa mafundi kabla programu haijakufikia wewe.

Na chombo hicho cha kukamata kasoro nacho kina kasoro zake. Mara nyingine kinapiga kengele ya uongo. Mara nyingine kinatokea kichakato kipya chenye amri ambazo hakijazijua, kinashindwa. Tangu 2002 kimetoka toleo baada ya toleo, kila moja na orodha ndefu ya kasoro zilizorekebishwa, nyingi zikiwa zimeletwa na watumiaji.

Kwa hiyo, mama yetu wa Iyula, zile kasoro zinatoka kwa watu wanaonakili na kujumlisha, na simu yako imebeba programu zenye maagizo mengi mno. Kama bando ni tatizo, ingia kwenye mipangilio ya duka la programu uzuie kusasisha kwenyewe, kisha sasisha ukiwa na kifurushi cha usiku au mahali penye Wi-Fi. Anza na zile unazotumia kutuma pesa.

Kompyuta ya studio tumeisasisha, na haijaganda tangu siku hiyo. Ila fundi wetu amegundua kwamba toleo jipya linarudia tangazo la mwisho kila saa inapogonga sita usiku. Amekwisha kuwaandikia wenye programu, anasubiri majibu.